Karavani Iliyoinama

Kuna harufu ya grisi ambayo huwezi kuikuta kwenye gari jipya. Ni grisi ya zamani, iliyokaa juani mpaka ikashikana na vumbi na kugeuka nyeusi ya kunata. Juzi niliinusa chini ya jengo ninalofanyia kazi pale JLT, mtaa wa maghorofa hapa Dubai. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya trela la boti, anahangaika na jeki iliyokataa kuzunguka. Nilikuwa nimechelewa kazini na chai yangu mkononi ilikuwa inapoa, lakini nikasimama kumtazama.

Nawaambieni jambo ambalo wenzangu wa ofisini hawalijui: mimi nimekulia ndani ya karavani. Baba, mtu wa Unguja, alikuwa dereva wa bwana mmoja wa hapa Dubai ambaye sote tulimwita arbab. Mama, mtu wa Tanga, alikuwa mpishi wa mke wa bwana huyo, naye tulimwita madam. Nyuma ya nyumba yao, upande wa Al Khawaneej, kulikuwa na shamba la mitende, na chini ya mitende kulikuwa na karavani kuukuu ya Kimarekani, ya bati, mviringo pembe zote kama mkate wa boflo. Arbab aliinunua enzi za ujana wake ili akalale jangwani na rafiki zake. Alipozeeka akaiegesha, na baba alipoomba ruhusa ya kuleta mke na mtoto, tukapewa hiyo. Baba aliiita karavani. Mama aliiita behewa, na siku akiwa na hasira aliiita kopo.

Karavani ina magurudumu katikati tu. Kama haijafungwa kwenye gari, mbele yake hubebwa na jeki: bomba refu la chuma lenye parafujo ndani, mkono wa kuzungushia juu, na sahani ya chuma chini inayokanyaga ardhi. Ukizungusha huku, pua ya karavani inapanda. Ukizungusha kule, inashuka. Jeki yetu ilikuwa na umri wa karavani yenyewe, na hakuna aliyeikumbuka mpaka asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai. Tulisikia kitu kikivunjika kwa kishindo, na nyumba nzima ikainama mbele. Meno ya parafujo yalikuwa yameliwa yote. Baba alitoka, akachungulia, akarudi kumalizia chai yake.

Alipanga matofali chini ya pua isizidi kushuka, akasema ataitengeneza Ijumaa. Ijumaa ikaja, arbab akataka kupelekwa Al Ain. Ijumaa ya pili baba alilala. Matofali nayo yalikuwa yanazama mchangani kidogo kidogo, na sisi tukizama nayo.

"Usipoziba ufa, Baba Zuhura, utajenga ukuta," mama akamwambia.

"Inshallah," baba akajibu, naye alikuwa na namna ya kulisema neno hilo ambayo mama aliijua vizuri.

Zuhura ni mimi. Nilikuwa na miaka kama saba, na kwangu mimi lile janga lilikuwa sikukuu. Nilikuwa na gololi, na sasa zilitembea zenyewe. Nikiiweka moja mlangoni pa choo, nyuma kabisa, ilianza polepole, ikapita chini ya meza, ikashika kasi kwenye kapeti, ikaenda kugonga ukuta wa mbele. Niliweza kufanya hivyo mchana kutwa. Usiku tulilala miguu mbele na vichwa nyuma, na asubuhi sote watatu tulijikuta tumeteremka kitandani. Nilidhani wazazi wangu nao wanaufurahia mchezo huo ila wanaona haya kusema.

Aliyetoboa siri yetu alikuwa mkate. Kila Alhamisi mama alimpikia madam mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi na iliki, kwa kuwa madam alikuwa ameuonja mara moja na hakuwa mtu wa kusahau kitu alichokionja. Sasa, mkate wa kumimina unamiminwa, kama jina lake. Ukiumimina ndani ya nyumba iliyoinama, nao unainama. Ulitoka kwenye oveni upande mmoja mnene kama mto, upande wa pili mwembamba na umekauka kama papa. Mama aliukata vipande, akachanganya vinene na vyembamba kwenye sahani kwa ustadi mkubwa, na kwa wiki kadhaa mambo yakaenda. Kisha madam akapata wageni na kutaka mkate uletwe mzima.

Siku ya pili yake alikuja shambani mwenyewe, ameshika pindo za abaya zisiguse vumbi. Hakuwahi kuja kwetu kabla ya siku hiyo. Alisimama mlangoni, akatazama mapazia yanayoning'inia mbali na ukuta, akatazama sufuria zilizofungwa kamba. Mimi nilifurahi kupata mgeni. Nikaiweka gololi mbele ya kiatu chake, nikaiachia, na sote tukaitazama ikisafiri mpaka mwisho wa nyumba. Nikampa nyingine ajaribu yeye. Hakuichukua.

Nilitumwa nje kuwapa mbuzi majani, kwa hiyo yaliyosemwa ndani nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima. Madam hakuwa mkali wala hakupaza sauti. Alisema nyumba isiyosimama haimfai mtoto. Siku moja itadondoka, na yeye hataki msiba shambani kwake. Na matofali yale yeye hayataki. Ikiwa hadi mwezi wa Ramadhani haijasimama kwa mguu wake, baba na mama watahamia chumba cha wafanyakazi ndani ya nyumba kubwa. Chumba hicho kilikuwa cha vitanda viwili, na watoto hawakuruhusiwa. Mimi ningepelekwa Tanga kwa bibi.

Ramadhani ilikuwa imekaribia. Mimi sikuambiwa kitu. Nilichokiona ni kwamba baba aliacha kusema inshallah, na mama aliacha kumsema baba.

Baba alikuwa na rafiki Mkenya, Kilonzo, mtu wa Machakos, mlinzi wa usiku kwenye ghala la Airport Freezone, kule uwanja wa ndege. Walizunguka pamoja kwenye mayadi ya vyuma vikuukuu kule Sharjah wakitafuta jeki ya karavani. Waliporudi wameipata, Kilonzo aliibeba begani mwenyewe. Ilikuwa imetumika lakini parafujo yake ilikuwa nzima, na ilinuka ile grisi niliyowaambia.

Kazi ilianza Ijumaa asubuhi, Kilonzo akitokea zamu moja kwa moja bila kulala. Walikaza magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Kisha wakaweka jeki ya gari chini ya pua ili kuiinua waondoe matofali, na baba akaanza kupiga. Alipiga kwa bidii sana. Jeki ikawa inashuka mchangani badala ya karavani kupanda.

"Boss, tunachimba kisima ama tunainua nyumba?" Kilonzo akauliza.

Ilihitajika mbao ya kuweka chini. Baba alitazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye mbuzi ya mama ya kukunia nazi, iliyokuwa imeegemezwa kwenye ngazi.

"Ukiigusa hiyo," mama akasema toka dirishani, "utakula wali mkavu mpaka Idi."

Wakang'oa mlango wa kabati. Pua ikapanda, wakapanga magogo ya mtende chini yake, na jeki ya zamani ikabaki inaelea. Ilikuwa imeshikwa na bolti tatu. Baba alikuwa amezimwagia dizeli tangu juzi, na mbili zilifunguka. Ya tatu iliungana na kutu yake ikawa kitu kimoja, na walipokezana msumeno wa chuma mpaka karibu na adhana ya Ijumaa. Baba akaenda kuswali, akarudi, wakalivuta lile bomba kuukuu juu kwa nyundo na matusi madogo madogo ya Kikamba.

Kisha wakaishusha jeki mpya kwenye tundu lake, ikakataa kuingia. Ilikuwa nene kuliko tundu kwa unene wa kucha.

"Hatukupima," baba akasema. Akakaa chini mchangani, hivyo hivyo na kanzu yake ya msikitini.

Yadi ile ya Sharjah ilikuwa mbali, jeki nyingine haikuwepo, na Ijumaa nyingine baba asingeipata kabla ya mfungo. Kilonzo hakusema mzaha wowote. Alitafuta tupa kwenye sanduku la vyombo, akaanza kulisugua lile tundu. Alisugua mpaka macho yakawa yanajifunga yenyewe. Baba akampokea. Mikono ya baba ilipotoka malengelenge, mama alishuka ngazi, akajifunga kanga kiunoni, akanyoosha mkono aletewe tupa. Baba akasita.

"Lete," mama akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Sijawahi kumwona mtu anasugua chuma namna ile. Hakupumzika, na jasho lilimtoka puani likidondoka kwenye tupa. Nilimwomba maji, hakunisikia. Nilimwomba tena. Kilonzo ndiye aliyenipa. Nilinuna chini ya mtende, nikiona kwamba siku hiyo kila mtu anapenda chuma kuliko mimi.

Jua lilipoanza kupoa, jeki iliingia. Wakakaza bolti mpya, na mama akapanda ndani na sinia la chakula. Akaliweka sakafuni, akalitia maji. Maji yote yakakimbilia upande mmoja.

"Zungusha," akasema. Kilonzo akazungusha. "Bado. Bado. Zungusha. Basi. Rudi kidogo."

Maji yalikuwa yamefika ukingo wa sinia pande zote sawasawa. Baba aliegemea ukuta wa bati na kufunga macho, na Kilonzo akalala palepale mchangani, kichwa juu ya jeki ya zamani.

Madam alikuja jioni ya kuamkia Ramadhani. Safari hii aliingia mpaka ndani. Alinyoosha mkono kwangu, nami nikampa gololi, nikijua kwamba sasa ameukubali mchezo wangu. Akaiweka sakafuni. Gololi ikakaa. Akaisukuma kwa ncha ya kidole. Ikatembea kidogo, ikasimama.

"Khalas, yamekwisha," akasema, akatoka.

Hapo ndipo nilipoangua kilio. Nililia kilio cha kufiwa, nikajilaza sakafuni, nikaipiga gololi kwa kofi. Walikuwa wameniharibia nyumba. Baba alikuja mbio kutaka kuninyanyua, lakini mama alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umelowa, na alikuwa anatabasamu.

"Mwache alie," akamwambia. "Si analilia hapa hapa?"

Maneno hayo nilimwekea mama kinyongo miaka mingi. Niliona ni ukatili, mama kumtazama mwanawe analia na kutabasamu. Hata alipokuja kunieleza habari ya madam na chumba cha vitanda viwili, nilielewa kisa. Yale maneno sikuyaelewa.

Sasa mama amerudi Tanga, mimi ndiye niliyebaki Dubai. Nalala chumba kimoja na wanawake watatu, na mwanangu wa miaka minne analelewa na mama. Wiki iliyopita alinililia kwenye simu kwa sababu kiatu kimembana. Nikamwambia avue, hakuweza, kamba ilikuwa imekaza. Nilikaa na simu sikioni, nikimbembeleza, mpaka aliponyamaza. Aliyemvua kiatu alikuwa mama, kule kule Tanga.