Msichana Wangu Amenifanya Mgonjwa Ndio Apate Transfa

Ficheni jina langu, lakini maneno yangu msiyapunguze makali. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na kitu, naishi ndani huko nyuma ya Bisil. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika, nyamazeni.

Shule yetu hapa walimu hawakai. Tangu miaka ya tisini nawaona wakija na begi na kuondoka na begi. Nyumba ya mwalimu haina mlango, maji ni ya kuletwa na punda kutoka mbali, na upepo ukipiga mabati ya darasa mwalimu hasikiki. Nikasema basi, dawa ni tutoe mwalimu kwa boma yetu wenyewe. Marehemu mzee wangu alipotaka kuoza msichana wetu wa mwisho, nilimkatalia. "Huyu ataolewa na chaki!" Akasoma, akaenda chuo cha ualimu, akarudi kufundisha hapa hapa. Nilitembea kifua mbele kama jogoo.

Hakumaliza mwaka. "Yeyo, wamenihamisha Kitengela," akaniambia mimi mamake. Wamenihamisha! Nikalia, nikamtemea mate ya baraka, akaenda.

Juzi mwalimu mkuu amekuja kwangu na sukari na uso wa matanga. Amenikuta juu ya nyumba napaka mavi ya ng'ombe mahali panavuja. Akashika kichwa. "Koko, nyanya yetu, si uko kitandani? Nimekuja kuuliza wa nyumbani hali yako. Msichana wako alipewa transfa akuuguze huko Noonkopir, hapo Kitengela. Alisema hujiwezi hata kugeuka."

Nikamwambia, "Shika hiyo sukari vizuri, nishuke unione nikigeuka."

Nikampigia huyo msichana simu. Hata haya hakuona.

"Yeyo, ningesema nini? Kwamba nyumba haina mlango, nalala nimeziba na dawati? Walionitangulia walisema hivyo. Nani aliwasikiza?"

"Mimi nimelala kwa hii vumbi maisha yangu yote!"

"Lakini wewe hukuamka ukafundishe madarasa matatu peke yako, watoto wenyewe wako na njaa."

Pengine ni kweli. Si angeniambia mimi? Wale walimu wageni niliowatukana kwa kutoroka waliondoka wakisema ukweli. Wa tumbo langu ameondoka na uongo, na uongo wenyewe ni mwili wangu. Kwetu mtu haiti ugonjwa juu ya mzazi wake.

Sasa watu wa ofisi ya elimu wamesikia maneno, na wiki ijayo wanaenda Noonkopir kumwona huyo mgonjwa. Msichana ananibembeleza niende nilale tu, nijifunike blanketi, yeye ndiye ataongea. Nikikataa, atafutwa kazi, na hiyo kazi nilimpigania mimi. Nikienda, nitakuwa nimeweka mkono kwa uongo, na wajukuu wangu hapa wanakaa darasani bila mwalimu wakichorana na makaa.

Nyinyi mnaosoma, niende nikalale hicho kitanda ama nibaki kwangu? Nishaurini nifanye nini. Lakini asiniambie mtu nimsamehe. Hiyo sijauliza.