Seva Iliyohesabu Ng'ombe

Nilitoka chuo kikuu katikati ya miaka ya tisini nikijua mambo mengi kuhusu kompyuta, ila sikuwa nayo. Programu zangu za kwanza niliziandika kwa penseli, maana mashine za idara yetu zilikuwa chache na foleni yake ilianza kabla ya chai ya asubuhi. Mtu aliyejifunza kuogelea kwenye karatasi huwa na kiburi cha aina yake. Nilihamia Kitengela nikiwa nacho chote.

Huko nilipata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Wanafunzi walikuja kujifunza kuandika barua na kubadilisha rangi ya herufi. Mimi niliwaeleza habari za seva. Waliniangalia kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha wakauliza vile mtu anavyoweka picha ya ua kwenye kadi ya harusi.

Basi mwaka mmoja, mapema katika miaka ya elfu mbili, mvua ikakosa kunyesha, na chama kimoja cha wafugaji wa upande wetu kikaanza kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu kabla hawajahamishwa kwenda kutafuta majani mbali. Asiye na kadi ya chanjo hakuruhusiwa kupita na mifugo. Daktari wa chama, mzaliwa wa Kajiado, mtu mpole mwenye viatu vyenye vumbi la kudumu, alinijia kuuliza kama ningeweza kumsaidia kuweka orodha ya wafugaji. Nadhani alitaka nimpigie mistari kwenye daftari.

Nilimwambia anachohitaji ni seva.

Ningeweza kutumia programu zilizokuwa tayari, za bure. Sikutaka. Nilitaka yangu, niliyoiandika mwenyewe toka mstari wa kwanza kwa Perl, lugha ya skripti, zile ambazo unaandika asubuhi na kuziendesha asubuhi hiyohiyo bila kusubiri mashine izitafsiri kwanza. Seva, nikamweleza daktari, ni kama karani anayekaa akisikiliza. Mtu akiuliza, anajibiwa. Akileta habari, zinaandikwa. Daktari aliuliza kwa nini tusitafute karani. Nilicheka kama mtu aliyesoma.

Baada ya wiki tatu seva yangu ilisimama. Ilikaa kwenye kompyuta moja nyuma ya pazia la ofisi ya chama, na kompyuta ya pili ikawa mezani, karibu na dirisha la kupokea watu. Waya mmoja uliziunganisha. Kwa hiyo mtandao wangu wa dunia nzima ulikuwa na urefu wa mita nne. Lakini ukurasa ulifunguka, fomu ikaonekana, na ukiacha sehemu muhimu bila kujaza, maandishi mekundu yalitokea kukukemea. Maandishi hayo niliyapenda kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nimeandika maishani.

Sehemu muhimu kupita zote ilikuwa idadi ya ng'ombe. Dawa ile huchanganywa na maji maalumu, na chupa ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo, la sivyo inamwagwa. Miaka yote daktari alikuwa akifika bomani, anatupa jicho, anakadiria, anabeba na ziada kidogo. Mimi ningemkomboa kutoka kwenye makadirio.

Siku ya kwanza kazi ilienda vizuri, ila daktari alipoangalia orodha jioni aliniuliza kwa nini kila mfugaji alikuwa na ng'ombe kumi. Nilisema labda ni sadfa. Akaangalia viatu vyake.

"Mwalimu, huku hatuhesabu ng'ombe," alisema. "Ukiwahesabu unawaita msiba. Hao wazee wamekupea kumi juu ya vile umewauliza, na hawakutaka kukuaibisha."

Hapo ningeweza kujitetea kwamba mimi si wa huku, natoka mkoa wa Magharibi. Lakini bibi yangu, huko Magharibi, hakuwahi kuhesabu vifaranga wake wala wajukuu wake. Siku nilipowahesabu binamu zangu kwa kidole, alinipiga mkono kwa mwiko. Nililijua jambo hilo tangu nikiwa na miaka mitano. Ilinibidi nisome mpaka digrii ndipo nisahau.

Hata hivyo sikubadilisha kitu. Nilimwambia daktari kwamba watu watazoea.

Asubuhi iliyofuata akaja mama mmoja kutoka upande wa Isinya, mjane wa makamo, shuka la bluu, mgongo wima. Majirani zake walikuwa wameshaanza kuhamisha mifugo, na yeye alitaka kadi ili awafuate kabla ng'ombe hawajaishiwa na nguvu za kutembea. Nilimsalimia kwa lugha ya kwao, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia "Iko," na ikaonekana kwamba Kimaa changu kimekwisha hapo. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi.

Alisema wako.

Nikamuuliza ni wangapi. Alisema ni wale wote. Nikaandika neno "wote", na maandishi mekundu yakatokea: Kosa, idadi lazima iwe namba. Nilimsihi aseme hata kumi, kama wengine. Alinikatalia. Alisema hawezi kuwaongopea ng'ombe ambao wamemlishia watoto. Lakini kama ninataka kuwajua, yuko tayari kuniambia.

Ndipo akaanza. Alianza na jike mweusi mwenye pembe moja iliyoinama, aliyetoka kwa baba yake siku ya ndoa. Akaja kwa binti za yule mweusi, mmoja mmoja, rangi yake, mabaka yake, tabia yake, nani anapenda kuingia shamba la watu na nani hatoi maziwa mpaka aimbiwe. Akaja kwa wajukuu. Mimi nilikuwa nikiandika kadiri nilivyoweza katika kisanduku cha maelezo. Alipofika kwenye ukoo wa pili nilibonyeza kuhifadhi, na seva ikajibu kwamba muda wangu umekwisha, nianze upya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiagiza imsahau mtu yeyote akipitisha dakika kumi. Niliona hiyo ni nidhamu.

Ilinibidi nimweleze kwamba mashine imesahau.

"Imesahau?" alisema. "Na mimi sikuenda shule na sijasahau."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na daktari akaingia nyuma ya pazia ili akacheke kwa nafasi. Nikamfuata huko. Uzuri wa lugha ya skripti ni kwamba unaweza kurekebisha aibu yako papo hapo. Nilifuta mstari uliodai namba. Nikafuta dakika kumi. Nikaweka kisanduku kikubwa cha maandishi, kila ng'ombe na mstari wake, na kwenye seva nikaongeza amri fupi ya kuhesabu mistari na kuandika jumla kwenye kadi, pembeni ya orodha, kwa ajili ya daktari peke yake. Mama asingehesabu. Mimi nisingehesabu. Mashine ingehesabu kimyakimya, na mashine haina jicho baya. Nilijiona nimepatanisha chuo kikuu na bibi yangu.

Alirudia ng'ombe wake wote kwa utaratibu uleule, bila kuruka baka hata moja. Ilichukua karibu saa nzima. Akapokea kadi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la shuka. Jumla iliyoandikwa pale sitaitaja hapa. Nimechelewa kupata adabu lakini nimeipata.

Jumamosi daktari alikwenda kuchanja. Jumatatu alinifuata darasani, akasimama mlangoni na kofia mkononi, na nikajua kuna jambo.

Aliniambia kwamba ng'ombe wote wa yule mama walipita kwenye krashi, ule uchochoro wa miti wa kubania ng'ombe, na mwishoni ikabaki dozi moja. Naye, bila kufikiri, akasema mbele yake kwamba kulingana na kadi kuna mmoja hayupo. Tangu siku hiyo mama hajahama. Amemtuma mkwe wake mpaka karibu na reli kuuliza kwa watu. Boma zote za jirani zimebaki tupu, majani ya kwake yamekwisha, na ng'ombe wamekaa ndani ya boma wakimngojea mwenzao.

Tulikwenda ofisini nikafungua faili. Nilishuka mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Katikati ya ukoo wa kwanza palikuwa na mstari usio na neno. Nilikumbuka mara moja. Mama alikuwa amemtaja jike mwekundu mwenye nyota usoni, nami nikabonyeza kitufe cha kushuka, tayari kumwandika binti yake. Mama akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi, nikabonyeza tena. Seva yangu, ambayo sikuifundisha kwamba mstari mtupu si ng'ombe, ilimhesabu.

Kosa hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Nilimwambia daktari ampelekee mama habari. Akaniuliza kama habari hizo ni za dawa au za kompyuta. Nikachukua koti.

Njiani, ndani ya pikapu yake, nilitayarisha maelezo. Yalikuwa na neno "mstari" mara nyingi mno.

Tulimkuta ameketi nje ya boma, karibu na miiba iliyoziba mlango. Ng'ombe walikuwa ndani, mbavu zao zikionekana, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Alituitikia salamu vizuri kuliko tulivyostahili. Kisha, kabla sijaanza maelezo yangu, akasema yeye mwenyewe ameshawapitia asubuhi na jioni, sura kwa sura, na kila mara anawaona wote.

"Lakini karatasi iko na muhuri, na inasema kuna mmoja," aliniambia. "Sasa siamini tena macho yangu. Nikitoka hapa nimwache, atanitafuta wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Maelezo yote yakanitoka, nikabaki na maneno machache. Nilimwambia macho yake ni mazima. Mashine ilihesabu mahali nilipoacha wazi, kosa ni langu, na karatasi ni ya kuchanwa.

"Kwa hivyo ilihesabu," alisema.

Nilikubali kwamba ilihesabu.

Daktari akatazama viatu vyake. Kisha mama akauliza mahali hapo pa wazi palikuwa baada ya nani. Nikamwambia ni baada ya yule mwekundu mwenye nyota.

"Hapo ni pa binti yake," alisema. "Alianguka mwezi ulioisha, kule kwenye bwawa lililokauka. Nilitaka kumtaja, nikakumbuka hayuko."

Akanyoosha mkono, nikampa nakala ya kadi niliyokuja nayo, akaiangalia ingawa hakujua kusoma, pale hasa kidole changu kilipomwonyesha mstari mtupu. Akamgeukia daktari.

"Daktari, huyo hahitaji sindano."

Daktari alisema ni kweli, hahitaji. Mama akasimama, akaita ndani kwa Kimaa, na mkwe wake akatokea na kibuyu na fimbo mbili kana kwamba alikuwa amesimama tayari tangu Jumamosi. Wakaanza kuvuta miiba kando. Yule mweusi mwenye pembe iliyoinama alitangulia kutoka, na nikamjua, nikataka kumwambia mtu kwamba nimemjua.

"Toka hapo, mwalimu," mama alisema. "Unawazibia njia."