Uzi Mnene Uko Juu

Gloriose aliacha shule akiwa darasa la tano, huko Uvira, Kongo. Mjini Durban aliishi kwa mikono yake: alisuka nywele katika saluni moja ya Barabara ya Umbilo. Waliomjua walisema jicho lake halilali. Mtoto akikohoa, yeye ameshahesabu mara ngapi. Hofu yake kubwa ilikuwa Laetitia, bintiye wa miaka kumi na sita, ambaye hakuwa na kitu mjini ila kipaji cha kupiga gitaa.

Omwenga, Mkenya aliyefundisha muziki wa kale chuoni, alikuwa na luti moja ya kuazimisha, gitaa la kizamani lenye tumbo kama nusu papai. Wasichana wawili waliitaka. Jumamosi, atakayepiga vizuri wimbo wa karatasi aliyowapa angekaa nayo mwaka mzima.

Karatasi haikuwa na noti, ila mistari sita yenye namba. Léonard, mpiga gitaa wa kanisani, ndiye aliyemsaidia Laetitia.

"Mstari wa juu ni uzi mwembamba," alisema. "Kitabu yangu inasema hivyo."

Kilichotoka kwenye gitaa la Laetitia kilikuwa kama sahani zikianguka.

"Muziki ya wazee wa Ulaya iko hivi, Mama. Utazoea."

Gloriose hakuzoea.

Alhamisi alikwenda kumsuka Nyanchama, mke wa Omwenga, nyumbani kwao. Omwenga alikaa dirishani na luti, karatasi ileile mbele yake. Gloriose alizitambua namba za mstari wa juu. Kila Omwenga alipozifikia, kidole gumba chake kilikwenda kwenye nyuzi nene.

Mkono wa Gloriose ukasimama. Akiuliza, si mwalimu atajua kwamba mtoto amekosea?

"Mama Laetitia, umelala kichwani mwangu?" Nyanchama aliguna.

"Baba," Gloriose alisema, "mstari wa juu ni uzi mnene?"

"Kwa Waitaliano, ndiyo. Walichora kama mpigaji anavyoona akiinama kutazama mkono wake. Wahispania wengi wakawafuata. Wafaransa waligeuza, mwembamba juu, tena wakaandika herufi badala ya namba."

"Na Wajerumani?" aliuliza Nyanchama.

"Hao hawakuchora nyuzi kabisa. Kila mahali pa kubonyeza pana alama yake. Husemwa aliyeanzisha alikuwa kipofu."

"Basi aliwalipiza wenye macho."

Omwenga alicheka, kisha akamtazama Gloriose. "Niliwaambia wimbo ni wa Italia. Laetitia hakuelewa?"

"Ataelewa leo."

Nyumbani Laetitia alikunja uso. "Mama, wewe na muziki mulijuana wapi?"

"Inama. Uzi gani uko karibu na kidevu chako?"

"Mnene."

"Basi na kwenye karatasi, mnene uko juu."

Alianza tena, polepole. Hajafika nusu ya karatasi, wimbo wa taratibu ukasikika. Léonard, aliyekuwa amekuja kumsaidia tena, alijikuna shingo.

"Eish. Kitabu yangu ni ya gitaa tu."

Siku mbili hazikutosha. Jumamosi Laetitia alikwama mara mbili. Msichana mwingine alipiga haraka, bila kusita, lakini alikuwa amesoma mistari yote juu chini, kama Léonard. Omwenga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkabidhi Laetitia luti.

Laetitia aliikumbatia. Gloriose alikuwa akimtazama mama wa yule msichana, aliyekunja sweta la bintiye, akalikunjua, akalikunja tena.