Ndiyo ya Nukta kwenye Swali la Tisa

Hii ya Nukta hamtaiamini, na msipoiamini shauri yenu. Nukta ni mpwa wangu, mwandishi wa programu za kompyuta, yuko radhi aruke mlo kuliko aruke nukta-mkato mwishoni mwa mstari. Akili hizo kazitoa kwa mjomba, hilo halina mjadala.

Aliandika programu ya mashine ya kudondosha dawa kwenye mshipa wa mgonjwa. Kabla ya kuipokea, hospitali ikaleta fomu. Swali la tisa: "Programu imeandikwa kwa lugha sanifu?" Nukta akacheka. Maelezo yote aliyoyachomeka kati ya mistari yalikuwa Kiswahili cha kunyooka, bila neno hata moja la kijiweni. Akaweka alama ya ndiyo, akatia sahihi.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi, mama mwenye miwani minene, akauliza, "Binti yangu, kiwango chenyewe namba ngapi?"

"Kiwango gani, mama?"

"Cha lugha ya kompyuta uliyotumia. Chombo gani cha viwango kilipitisha kanuni zake?"

"Lakini mama, inatumika dunia nzima!"

"Hata umbeya unatumika dunia nzima. Lugha husanifiwa pale wataalamu wa pande mbalimbali wakikaa, wakabishana, wakapiga kura, waraka ukachapishwa. Hapo mafundi wawili wasiojuana, kila mmoja akizifuata kanuni hizo kwenye mashine yake, programu yako itawapa jibu lilelile. Hii yako, mwenyewe ni nani?"

"Kampuni moja."

"Ikiamka kesho ikabadili namna ya kugawanya namba, matone ya mgonjwa atayahesabu nani?"

Nukta alijua hilo si la kubuni. Kwenye toleo lililopita la lugha hiyo, kampuni ilifanya hivyohivyo. Meneja wake akamkonyeza: sema fomu ilikosewa kuchapwa, yaishe. Na yangeisha. Ila sahihi ilikuwa yake, na mshipa ni wa mtu.

"Sikulielewa swali," akasema, macho kwenye vidole vya miguu. "Nilidhani mnauliza Kiswahili changu. Futeni ndiyo yangu."

Mashine ikarudishwa. Miezi mitano akaiandika upya programu kwa lugha yenye waraka wake. Mpaka leo ukimtajia neno "sanifu" anainama kama anayetafuta sindano sakafuni. Lakini siku ile, jamani, ukumbi mzima, wataalamu mia mbili, ulisimama kwa heshima yake, mkaguzi akabubujikwa na machozi, akam—

"Mjomba, futa hapo! Tulikuwa watatu, tena kwenye chumba cha stoo, na aliyelia ni mimi."