Mistari Mgongoni mwa Marehemu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Ndiyo maana jana uliponionyesha kwenye simu picha ya maiti, yenye maneno "huyu kauawa, tazama alama", nilikufokea. Samahani kwa kelele. Kwa hasira yenyewe siombi samahani.

Nilikuwa nesi mpya katika kijiji kimoja kule upande wa Choma, gauni jeupe limenyooshwa pasi, kichwa kimevimba. Mzee mmoja mfugaji alifia usingizini. Ndugu zake walipomgeuza wamwoshe, wakakuta mgongo umekuwa wa zambarau, na mistari imepishana juu yake. Wakaniita. Nilitazama nikiwa nimesimama mlangoni, mwanangu. Mlangoni! Nikasema, "Huyu kachapwa."

Basi. Wakamtoa mjane nje, wakamcharaza fimbo ili akiri. "Nesi, waambie, sikumgusa mume wangu!" alilia. Nami, kwa kuogopa kuaibika, nikanyamaza.

Kesho yake akaja daktari wa wilaya pamoja na polisi. Alichana ngozi kidogo penye zambarau, akapangusa kwa kitambaa chenye maji. Damu ikatoka yote, nyama ikabaki safi.

"Damu ya kipigo huganda ndani ya nyama," alisema. "Haipanguswi hivi."

Kisha akatuonyesha kitanda alichofia mzee. Kilikuwa cha kamba, hakina godoro. Mtu akishakufa, damu hushuka upande aliolalia, na pale kamba zilipombana haikufika. Mistari yote ilikuwa ya kamba.

Akanigeukia. "Binti, kitanda ulikiangalia?"

"Hapana, daktari."

"Basi kamtibu yule mama. Mgongo uliochapwa ni wake."

Nilimsafisha vidonda. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama sasa ataruhusiwa kumlilia mumewe.

Ifute picha hiyo, mwanangu, nikikuona. Alama juu ya maiti ina sababu nyingi, na maiti haiwezi kukukatalia ukisema uongo. Uliza alilalaje, alilalia nini, umepita muda gani tangu afe. Usipojua, sema hujui, wenye kazi yao wapime. Hutapungukiwa kitu.

Mungu akulinde na haraka ya mdomo. Na siku utakapokosea, akupe ujasiri nilioukosa mimi, useme "nimekosea" kabla fimbo haijamshukia mtu.