Mpira Uliovuka Wavu

Daktari aliponiambia presha imepanda, binti yangu aliniandikisha kwenye mazoezi ya tenisi ya kikundi, Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa. Sikuwa nimewahi kushika raketi. Tulikimbia kwa zamu, unapiga mpira kisha unarudi nyuma ya mstari. Zamu ya tatu pumzi ikaniishia. Nikaenda kukaa pembeni kwa aibu.

Mama mmoja mstaafu wa Nyakato, mkubwa kwangu, akanifuata.

"Shikamoo," nilisema kwa shida.

"Marahaba. Mimi siku ya kwanza nilitapika hapohapo ulipokaa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Akaninyanyua, akamwambia mwalimu kwamba sisi wawili tutatembea badala ya kukimbia. Mwalimu akakubali, akawa anaturushia mipira taratibu.

Mingi niliikosa. Mmoja ukagonga katikati ya raketi, ukavuka wavu. Wenzetu wakapiga makofi, na yule mama akapiga vigelegele kama yuko harusini.

Huu ni mwezi wa nne. Zamu nyingine bado natembea, lakini kilima cha kwetu Kiseke nakipanda bila kusimama.