Shikamoo ya Pili

Newala wakati wa kiangazi maji hayachezewi. Ndiyo maana nilipolikuta tangi letu la maji ya mvua tupu, koki iko wazi na uwanja umekuwa tope, nilichukua fimbo kabla sijauliza swali. Nikamkamata binti yangu mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye huchota maji ya kupikia. Akalia, akaapa hajagusa koki.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa mdogo wake, wa miaka sita, amesimama mlangoni. Asubuhi alishaniamkia nikaitika, na kwetu mtoto hamwamkii mtu mmoja mara mbili kwa siku. Nikamtazama miguu. Tope hadi magotini.

Sikuitika. Nikamwachia dada yake.

"Wewe ndiye uliyefungua koki?"

Macho yakamganda kwenye fimbo. "Shikamoo, mama," akarudia.

"Nakuuliza habari za koki, unaniletea shikamoo!"

"Itika kwanza, mama. Ukiitika, nitajua hunichapi, ndiyo nitasema."

Fimbo ilikuwa bado mkononi nilipoitika, na sijawahi kuona marahaba nzito kama ile.